Ushahidi Uko Mikononi mwa Mtuhumiwa: Fumbo la Mageuzi ya Polisi Nchini Kenya

Mtu aliyevunjwa mkono kwa rungu la polisi nchini Kenya hana budi kurudi kwa polisi hao hao. Daktari anaweza kuufunga mkono plasta na kuandika ripoti ya hospitali, lakini kesi ya kujeruhiwa husimama juu ya P3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha, na fomu hiyo haina nguvu mpaka tukio liandikwe katika kitabu cha matukio cha kituo, kile ambacho kila Mkenya hukiita OB, kisha ipewe namba na kupigwa muhuri. Huenda anayeshika kalamu nyuma ya kaunta ndiye aliyeshika rungu jana yake, au ni mwenzake wanaoishi naye kambi moja. Mlalamishi huulizwa jina la aliyempiga. Akijibu kwamba hakuliona kwa sababu afande alikuwa amefunika uso, swali linalofuata ni moja tu: sasa tuandike nani?

Mijadala kuhusu ukatili wa polisi hupenda kuanzia mbali. Wapo wanaoanzia kwa mkoloni, wapo wanaoanzia kwenye mishahara, na wapo wanaoamini kwamba tatizo ni maafisa wachache wabaya ambao wakiondolewa mambo yatanyooka. Kila hoja ina chembe ya ukweli, lakini zote huruka jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kufuatilia kesi ya namna hii hulijua vizuri: ushahidi wa kosa la polisi huandikwa na polisi, huhifadhiwa na polisi, na mara nyingi hupimwa katika maabara ya polisi. Sheria za Kenya zimebadilika sana tangu 2010. Mpangilio huo wa nani anashika nini haujabadilika kwa kiwango hicho, na ndiyo sababu nchi yenye sheria nzuri kupita nyingi inaendelea kuzika vijana waliopigwa risasi.

Sheria zenyewe zilizaliwa katika damu. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 watu 1,133 waliuawa, na tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilibaini kwamba 405 kati yao walikufa kwa risasi, katika nchi ambayo raia wa kawaida hamiliki bunduki. Mwaka 2009 jopokazi la Jaji mstaafu Philip Ransley lilitoa mapendekezo zaidi ya 200 ya kuwabadilisha polisi, na mengi kati ya hayo yaliingia katika Katiba ya 2010 na sheria za mwaka uliofuata. Katiba ilibadilisha hata jina: kilichokuwa jeshi la polisi kikawa Huduma ya Taifa ya Polisi. Msomaji wa Tanzania, ambako Jeshi la Polisi bado ndilo jina rasmi, ataelewa haraka kwa nini neno hilo moja lilipiganiwa. Jeshi huwa na adui, lakini huduma huwa na mteja. Hata hivyo kaulimbiu ya polisi wa Kenya, Utumishi kwa Wote, ilikuwa imeandikwa kwenye kuta za vituo miaka mingi kabla ya Katiba hiyo, na haikuzuia lolote.

Ibara ya 245 ya Katiba inampa Inspekta Mkuu wa polisi uhuru ambao watangulizi wake hawakuwa nao. Waziri anaweza kumpa maelekezo ya sera, tena kwa maandishi, lakini hakuna mtu anayeruhusiwa kumwelekeza amchunguze nani au amkamate nani. Ibara ya 49 inataka anayekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiangukia nje ya saa za mahakama. Kuteswa kumewekwa miongoni mwa mambo ambayo hayawezi kuhalalishwa kwa hali yoyote, na mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria maalumu ya kuzuia mateso.

Sehemu inayostahili kusomwa kwa utulivu zaidi, hata hivyo, imo mwishoni mwa Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, katika Jedwali la Sita, kurasa chache ambazo nadhani zingebandikwa kwenye mlango wa kila kituo watu wengi wangeshangaa. Jedwali hilo linamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo na nguvu. Akilazimika kutumia nguvu, ziwe za kiasi kinacholingana na kosa na ukaidi alioukuta. Afisa aliyevaa sare lazima awe na jina au namba yake mahali panapoonekana wazi. Nguvu zikisababisha kifo au jeraha baya, taarifa ipelekwe mara moja kwa Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake, IPOA. Na kuna kifungu kinachosema bila kuzunguka kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Lakini ndani ya jedwali hilo hilo mna tundu. Likishaagiza kwamba IPOA ijulishwe, linaacha jukumu la kulinda mahali pa tukio, na la kuwajulisha ndugu wa marehemu, kwa upande wa polisi wenyewe, yaani kwa msimamizi wa kituo au mkubwa wa yule aliyefyatua. Sheria inakataza kuharibu ushahidi, naam, lakini inayemkataza ndiye huyo huyo aliyekabidhiwa ushahidi. Kati ya mlio wa bunduki na kuwasili kwa mpelelezi wa IPOA hupita saa kadhaa, pengine siku, na katika muda huo ushahidi huwa mikononi mwa upande mmoja.

Tuifuate risasi moja, kwa sababu hapo ndipo fumbo linapofunguka. Afisa anayeingia zamu huchukua bunduki kutoka ghala la silaha la kituo, na katika daftari la silaha huandikwa jina lake, namba ya bunduki, na idadi ya risasi alizopewa. Anaporudi, bunduki hupokelewa na risasi huhesabiwa. Zikipungua, lazima aeleze zilikokwenda. Kwa hiyo kila risasi ya serikali iliyofyatuliwa mtaani ina mwenyewe, na jina lake limeandikwa kwa kalamu ya wino katika daftari lililo umbali wa dakika chache kutoka mahali mtu alipoanguka. Kinadharia, swali la nani alifyatua lingejibiwa jioni ile ile.

Kinachotokea ni tofauti. IPOA ina mamlaka ya kisheria ya kuingia kituoni na kudai nyaraka, lakini inadai kutoka kwa watu wenye sababu ya kuchelewesha. Daftari linaweza kuwa limejaa na kupelekwa kwingine. Linaweza kuonyesha kwamba risasi zilirudi kamili. Katika maandamano makubwa, ambapo vikosi vya vituo mbalimbali huchanganywa na maafisa wa GSU, kikosi cha polisi kilichopewa jina hilo 1953 wakati wa hali ya hatari, kilipokuwa kikikabili wapiganaji wa Mau Mau na si wanafunzi wa chuo, mpelelezi anahitaji pia orodha ya nani alipangwa barabara gani, na orodha hiyo nayo imo katika faili ya polisi. Ikiwa nyuso zilifunikwa na gari lilikuwa halina namba, kama ilivyoonekana mara nyingi Nairobi katika maandamano ya 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, basi daftari hilo ndilo ushahidi pekee unaoweza kumtaja mtu. Mahakama Kuu iliagiza mwaka huo huo kwamba maafisa wanaokabili waandamanaji wavae sare na watambulike. Agizo lilikuwa likirudia tu kilichokuwa katika Jedwali la Sita kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Kisha kuna mwili. Risasi ikibaki ndani yake, alama zilizo kwenye chuma chake zinaweza kulinganishwa na bunduki zilizotolewa ghalani siku hiyo. Lakini upasuaji wa maiti lazima ufanywe na mtaalamu anayejua anachotafuta, mbele ya mwakilishi wa familia, kabla ya maziko. Familia ya Kiislamu hutaka kuzika upesi, na familia maskini huogopa gharama za mochari zinazopanda kila siku, hivyo ushahidi muhimu kuliko wote hufukiwa na watu wenye haki kabisa ya kuufukia. Katika mauaji ya msichana wa miaka 14 huko Kinango, Kwale, aliyepigwa risasi nyumbani mwao na polisi mnamo Agosti 2014, mwili ulilazimika kufukuliwa ndipo uchunguzi ukasonga mbele. Polisi walidai aliwashambulia kwa panga. Mwaka 2016 maafisa wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia na kufungwa miaka 7, hukumu ya kwanza iliyotokana na kazi ya IPOA tangu bodi yake ianze kazi 2012.

Risasi ikishapatikana, inapelekwa kupimwa wapi? Katika maabara ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, ambayo ni sehemu ya Huduma ya Polisi. Sitaki kuwashuku wataalamu wa huko, ambao wengi hufanya kazi yao kwa uaminifu na wamewahi kutoa ushahidi uliowatia hatiani maafisa wenzao. Lakini utaratibu unaotegemea uaminifu wa mtu mmoja mmoja, siku uaminifu huo ukikosekana, hauna kitu cha kuushika.

Hapo ndipo mtu anaweza kuielewa IPOA bila kuidharau wala kuitukuza. Ni chombo cha kiraia, kina wapelelezi wake, na sheria inakitenga na Inspekta Mkuu. Hakishtaki. Kikimaliza uchunguzi, faili hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na ni yeye anayeamua kama kesi ina miguu. Tangu kianze kimepokea malalamiko kwa makumi ya maelfu, na hukumu za hatia zilizopatikana ni makumi machache tu. Wakosoaji huusoma uwiano huo kama ushahidi wa uzembe. Mimi nauona kama kipimo cha umbali uliopo kati ya malalamiko na daftari la silaha.

Kesi moja inaonyesha kinachohitajika ili umbali huo uvukwe. Mwaka 2015 mwendesha bodaboda alipigwa risasi ya mkono na afisa wa Polisi wa Utawala, akalalamika kwa IPOA, kisha akajikuta anashtakiwa yeye kwa makosa ya kubambikiwa. Wakili Willie Kimani alichukua kesi yake. Tarehe 23 Juni 2016 wakili, mteja wake na dereva wa teksi waliyokuwa wakisafiria walitekwa nyara walipokuwa wakitoka katika mahakama ya Mavoko, wakafungiwa kwa muda katika kambi ya polisi ya Syokimau, na baadaye miili yao ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Kutoka ndani ya chumba walimofungiwa kilirushwa kipande cha karatasi ya choo kilichoandikwa ombi kwamba mke wa mmoja wao apigiwe simu, na aliyekiokota akapiga. Kipande hicho, rekodi za simu, vipimo vya DNA na maungamo ya mtoa habari wa polisi ndivyo vilivyojenga kesi. Mwaka 2022 maafisa watatu na mtoa habari huyo walipatikana na hatia, na Februari 2023 mmoja wa maafisa akahukumiwa kifo, wengine wakapewa vifungo virefu.

Wengi huitaja kesi hiyo kama ishara kwamba sheria inafanya kazi, na kwa kiasi ni kweli. Lakini tazama ilivyofanya kazi. Aliyelalamika aliuawa kwa sababu alilalamika. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo wakili wa shirika la kimataifa, mawakili wakagoma na kuandamana, na bado ilichukua miaka sita. Katika kituo cha polisi ambamo kila anayeingia anapaswa kuandikwa kwenye OB, uthibitisho kwamba watu watatu waliwahi kuwamo ulitegemea karatasi ya choo.

Mwaka 2025 mpangilio ule ule ulijitokeza kwa sura ya kisasa. Mwalimu kijana alikamatwa Homa Bay tarehe 7 Juni kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kumhusu mkubwa wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, na kufikia siku iliyofuata alikuwa maiti. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema aligonga kichwa chake ukutani ndani ya seli. Wanapatholojia waliompasua walikuta majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo na michubuko mwilini ambayo mtu hajitii mwenyewe, na Inspekta Mkuu akalazimika kuomba radhi mbele ya Seneti kwa maelezo hayo. IPOA nayo ikawaambia maseneta kwamba kamera za CCTV za kituo zilikuwa zimechezewa. Watu kadhaa, wakiwemo maafisa wa polisi, walishtakiwa kwa mauaji, na ni mahakama itakayoamua. Lakini kwa hoja yetu inatosha kugundua kwamba hata kamera, ambazo kila ripoti ya mageuzi huzipendekeza, haziongezi kitu ikiwa ufunguo wa chumba zinamorekodi uko mfukoni mwa kituo kile kile. Kilichouvunja uongo ni upasuaji wa maiti, yaani ushahidi pekee uliopimwa na watu wasio polisi.

Swali la nani alifyatua si swali la mwisho. Agosti 2017, katika msako wa usiku uliofuata uchaguzi, mtoto wa miezi sita huko Kisumu alipigwa na polisi ndani ya nyumba ya wazazi wake na akafa siku chache baadaye. Uchunguzi wa kifo uliofanywa mahakamani ulibaini 2019 kwamba polisi ndio waliohusika. Rungu lililompiga mtoto huyo halikuwa na jina la mtu mmoja, kwa kuwa msako ulikuwa wa kikosi kizima, na ndiyo maana Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma alichukua njia ambayo haikuwa imewahi kutumika nchini: aliidhinisha mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu kwa kutegemea Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008, wakiwemo makamanda waliosimamia operesheni. Fikra iliyomo humo ni nzito. Mkubwa hawezi kujificha nyuma ya kutojulikana kwa mdogo wake. Ikiwa aliwatuma, au alijua wanachofanya, au angepaswa kujua na hakuwazuia, anajibu. Kusomewa mashtaka kuliahirishwa mara nyingi hata ndugu wakachoka kuhesabu, jambo linaloeleza vizuri jinsi fikra hiyo ilivyopokelewa huko juu.

Huko juu ndiko pia maneno hutoka. Mwaka 2014 Bunge lilipanua masharti ya kutumia bunduki, likaongeza ulinzi wa mali katika orodha iliyokuwa imejengwa juu ya kulinda uhai. Juni 2025 Waziri wa Usalama wa Ndani alisema hadharani kwamba anayekaribia kituo cha polisi kwa nia mbaya apigwe risasi, na mwezi uliofuata Rais akasema anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, aende hospitali kisha mahakamani. Kisheria matamshi hayo hayabadilishi herufi moja ya Jedwali la Sita. Lakini afisa mdogo aliyesimama barabarani hana jedwali mfukoni, ana redio, na amesikia.

Huyo afisa mdogo naye anastahili kusemewa neno. Wengi wao huishi katika nyumba za mabati wanazogawana kwa pazia, hupelekwa mbali na familia bila taarifa, na msongo wao wa mawazo umefikia hatua ya serikali kuunda jopokazi la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga mwishoni mwa 2022 lichunguze masharti ya kazi yao. Mishahara mizuri ni haki yao. Sikubali, hata hivyo, kwamba njaa ndiyo inayolenga bunduki kifuani mwa mtu anayekimbia. Vivyo hivyo kwa sare mpya ya samawati iliyoletwa 2018, mwaka ambao zaidi ya polisi wa utawala 24,000 walihamishiwa Polisi wa Kenya: ilikuwa rahisi kupigwa picha kuliko kubadilisha chochote. Hata msasa wa maafisa ulioanza mwishoni mwa 2013, ambao ulitakiwa kuwachuja wakatili, ulikumbukwa zaidi kwa maswali kuhusu fedha za M-Pesa kuliko kuhusu maiti.

Ikiwa kiini cha tatizo ni mshika daftari, basi mageuzi yanayohitajika ni ya kuchosha kusikiliza na hayapendezi kwenye jukwaa. Daftari la silaha liwe na nakala inayofika nje ya kituo kila zamu inapofungwa, ili hesabu ya risasi isiweze kuandikwa upya asubuhi. Rekodi za CCTV zihifadhiwe mahali ambapo mkuu wa kituo hana ufunguo. Maabara ya silaha itoke chini ya Inspekta Mkuu. Aliyepigwa na polisi aweze kufunguliwa faili na kupata fomu yake hospitalini au katika ofisi ya IPOA bila kupitia kaunta ya kituo. Na kila kifo kinachotokea mikononi mwa dola kichunguzwe na mtu ambaye mshahara wake, gari lake na cheo chake havitoki kwa polisi.

Hilo la mwisho si ndoto. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Wachunguzi wa Vifo ilipitishwa 2017, ikatiwa saini na kuchapishwa, kisha ikaachwa miaka mingi bila ofisi, bila bajeti na bila mchunguzi hata mmoja. Katika miaka hiyo yote, mwili ulipopatikana kichakani au mtoni, aliyeitwa kwanza ni afisa wa kituo kilicho karibu, naye ndiye aliyefungua OB na kuanza kuandika.